Kiarie na Alama Themanini na Tatu

Kiarie alikuwa mdogo wa marehemu mume wangu, Gathogo. Hakuoa wala hakuacha mtoto, kwa hivyo kazi ya kumweleza imeniangukia mimi. Wapo wanaomweleza tayari, sokoni Chepsaita na kwenye foleni ya mashine ya kusaga, lakini wanamweleza vibaya. Wanasema alikula na wakubwa, ndiyo sababu daraja letu likapotea. Jina lake ni jina la watoto wangu pia. Nilifundisha shule miaka ishirini na sita na ninajua tofauti ya habari na uvumi.

Alikuja huku akiwa kijana, akimfuata kaka yake kutoka Murang'a, wakati kampuni ya ardhi ilipogawa shamba la mzungu na sisi tukapata ekari zetu kumi na mbili kando ya mto. Alikuwa amesoma hadi kidato cha pili. Tangu siku za kwanza alikuwa mtu wa kupima. Alijua ni hatua ngapi kutoka kanisani hadi kwenye josho la ng'ombe, na kama ukimwambia mvua ya jana ilikuwa kubwa, alikuuliza kubwa kiasi gani. Wanawake walimcheka. Gathogo alisema, "Mwacheni. Kuna watu wanaoimba, na huyu anahesabu." Baadaye alipata ukarani katika ofisi moja ya serikali mjini Eldoret, akapanga chumba Kapsoya, na kila Jumamosi alikuja shambani kwa baiskeli. Akiwa kazini hakunywa hata maji ya mtu. Alisema mkono uliopokea kikombe haushiki kalamu vizuri.

Gathogo alikufa mwaka wa 1980. Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, mto ulikuja.

Sitaeleza mvua ile. Nitataja vilivyokwenda: daraja, josho, kibanda cha pampu ya maji, madarasa mawili ya shule yangu, na nyumba za wale waliojenga bondeni. Kwangu vilikwenda jiko na ghala la mahindi. Zahanati ilibaki salama, lakini ilikuwa ng'ambo, na barabara ya lori la maziwa ilikuwa ng'ambo vilevile. Tuliletewa mablanketi na mabati kiasi. Tulilaza magogo mawili ya mkaratusi juu ya maji, tukavuka kwa mikono iliyotandazwa kama watu wanaocheza. Tuliambiwa daraja la saruji limo kwenye orodha.

Mwishoni mwa mwaka wa 1982 Kiarie alikuja na fomu. Aliitandaza juu ya meza yangu kwa heshima, kama mtu anayetandaza kitambaa cha madhabahu.

"Shemeji, hii kitu imefikiriwa," alisema. "Imetungwa na mtaalamu wa Nairobi. Wanataka kujua kila mahali palipopigwa na mafuriko pamerudi kiasi gani. Si kwa maneno. Kwa alama."

Niliisoma yote. Iliuliza maji yanatoka wapi, paa ni la nini, familia inakula mara ngapi, kuna viti vingapi, wageni wanapewa chai na vyombo gani, zahanati inafikika au haifikiki. Kila jibu lilikuwa na alama zake. Alama za nyumba zote zilijumlishwa, zikawa asilimia ya kijiji. Kijiji kikipata chini ya sabini, kilibaki kwenye orodha na daraja lake. Kikipata sabini au zaidi, kilihesabiwa kimepona na faili lake likafungwa.

"Viti vinahusiana vipi na daraja?" nilimuuliza.

"Wanasema nyumba ikiwa na viti na chai, basi njia zimefunguka. Vitu vinapita." Alikuna kichwa. "Mimi naona kiti hakivushi mtu mto. Lakini fomu ndiyo hiyo. Shemeji, wewe ukisema ukweli na wengine watasema. Wanakutazama wewe."

Nilimwambia sijawahi kusema uongo mbele ya mtu. Niliamini hivyo.

Jumapili kabla ya siku ya kujaza fomu, mwenyekiti wa chama wa tawi letu alisimama nje ya kanisa na beji yake kifuani. "Wageni wanakuja," alisema. "Serikali imewasaidia. Msituaibishe." Miaka ile neno kama hilo halikurudiwa mara mbili. Mtu aliyesema hadharani kwamba hajasaidiwa aliulizwa kesho yake anampinga nani.

Lakini sitamsingizia mwenyekiti. Woga ulikuwepo, ila kilichofanyika hakikufanywa na woga. Sisi hatumwonyeshi mgeni chini ya chungu. Mama yangu, katika miaka ya hali ya hatari, aliwasha moto hata siku isiyokuwa na cha kupika, ili majirani waone moshi. Mimi nililelewa na moshi huo. Majirani wetu waliotoka Bungoma na Kakamega walilelewa vivyo hivyo, kila mmoja kwa namna ya kwao.

Jumatatu jioni Waceke, jirani yangu wa upande wa chini, alikuja na kusimama mlangoni bila kuingia.

"Mwalimu, niazime viti."

"Vingapi?"

"Unavyo vingapi?"

Nilikuwa na viti sita vya mbao, vyenye vitambaa nilivyofuma mwenyewe, na seti ya vikombe vya udongo, na chupa ya chai yenye maua mekundu. Gathogo alinipa vitu hivyo nilipohitimu chuo cha ualimu, na siku ya mafuriko nilivipandisha darini kabla ya kuokoa unga. Nilimtazama Waceke. Nyumbani kwake walikaa juu ya mikebe ya mafuta ya kupikia. Nikaona aibu yake kama yangu.

"Mimi nitakuwa wa kwanza," nilisema. "Wakitoka kwangu, vitu vitapita nyuma ya ua wa kayaba hadi kwako. Wakitoka kwako, viende nyumba inayofuata, kwa Wanyama. Kila mama aoshe vikombe kabla ya kupitisha."

Niliipanga orodha ya nyumba saba za kutembelewa kama nilivyokuwa nikipanga zamu za kufagia darasa. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo.

Ilikuwa Januari. Mto ulikuwa umelala chini, mtoto angeweza kuruka. Walikuja watatu: Kiarie na fomu zake, mkubwa wake Bwana Aloo, mtu mnene mcheshi, na mwenyekiti wa chama. Niliwakaribisha, wakakaa juu ya vitambaa vyangu, nikawamiminia chai. Kiarie hakunywa.

"Maji mnapata wapi, Mama?" Bwana Aloo aliuliza.

"Hapa karibu."

Mto ulikuwa karibu kweli.

"Na zahanati?"

"Ng'ambo tu hapo."

"Mnafika bila shida?"

Mwenyekiti alikuwa akinitazama. Kiarie alikuwa akinitazama pia, kalamu juu, na nilijua anangoja nini.

"Tunafika," nilisema.

Akaandika.

Nilisikia mengine kutoka kwa wanawake jioni. Kwa Waceke mambo yalikwenda sawa. Kwa Wanyama, kibarua wa mashamba makubwa, chai ilimiminwa na mkewe Nasambu, msichana mcheshi aliyekuwa na mwaka mmoja tu wa ndoa. Bwana Aloo aliigeuza ile chupa mkononi.

"Hii kijiji yote mlinunua chupa kwa duka moja?"

"Mzee, sisi hupenda maua," Nasambu akajibu.

Walicheka wote, hata mwenyekiti. Kiarie hakucheka. Aliandika: viti sita. Sheria yake ilikuwa kuandika anachoambiwa na anachokiona, na viti sita vilikuwa mbele ya macho yake.

Tulipata alama themanini na tatu kwa mia. Mwenyekiti alitangaza sokoni na watu wakapiga makofi. Waceke alinishika mkono akaniambia, "Mwalimu, umetupasisha." Mwezi wa pili ikaja habari kwamba daraja letu limeondolewa kwenye orodha, limepewa mahali pengine palipopata hamsini na moja. Hapo ndipo watu walipoanza kuuliza nani aliandika.

Kiarie alikuja Jumapili baada ya ibada. Alikaa kwenye kimojawapo cha viti vile, ncha tu ya kiti.

"Nimekwenda kwa mkubwa," alisema. "Nimemwambia zile fomu si kweli. Ameniambia karani hana maoni. Mwenye nyumba ndiye anaweza kubadilisha jibu lake, kwa barua, na lazima iwe kabla faili halijapelekwa Nairobi. Kuna miezi michache."

"Waambie wengine waandike."

"Wengine wataweka kidole gumba. Barua yako itasomwa."

"Niandike nini?"

"Kwamba ulikuwa na viti sita, na kijiji kilikuwa na viti hivyo hivyo sita."

"Yaani nyumba ya Gathogo ilidanganya serikali. Kwa mkono wangu na sahihi yangu."

"Shemeji, kaka angeandika."

"Usiniletee Gathogo mezani!" nilimwambia. "Wewe uliona. Ulikuwa na kalamu. Mbona hukuandika kwamba umeona chupa ile ile?"

"Ningeandika hivyo, mwenyekiti angeuliza chupa ni ya nani," alisema. "Ningekutaja."

Nilikasirika. Nilimwambia mwanamke aliyebaki peke yake hana kitu kingine cha kuwarithisha watoto ila jina. Binti yangu Wangari alikuwa anaposwa mwaka ule na watu wa Nakuru, watu wazuri, wenye kuuliza maswali. Nilimwambia ningefikiria. Nilifikiria Machi, Aprili, Mei, Juni, na Julai.

Yeye aliendelea kupima. Kila Jumamosi alisimama mtoni na kamba yenye mafundo, akaandika maji yamefika wapi. Aliwahesabu waliovuka na walioshindwa. Alikaa na wenye ng'ombe akaandika ni madebe mangapi ya maziwa yamemwagwa kwa kuwa lori halikufikika. Hakuna ofisi iliyomwagiza. Watoto wakampa jina: Themanini na Tatu. Watu wazima wakalichukua. "Habari, Themanini na Tatu? Leo tumepona ngapi?" Aliinua kofia akawajibu habari ni nzuri. Hata mara moja hakusema chupa ilikuwa ya nani.

Mwezi wa nane mvua ilinyesha siku nne. Magogo yetu yalikwenda usiku wa tatu. Asubuhi ya nne Waceke alinigongea: uchungu wa Nasambu ulikuwa umeanza tangu jana na mtoto alikuwa amelala vibaya, mkunga alikuwa ameshindwa. Tulipofika mtoni walikuwa wamemleta juu ya kitanda chake cha kamba, wanaume wanne, Wanyama mbele na Kiarie nyuma. Maji yalikuwa ya kahawia na yalikuwa na sauti. Kiarie aliingia na kamba yake kiunoni, yakamfika shingoni kabla hajafika katikati, wakamvuta.

"Tuzunguke kwa daraja la huko juu mtoni," mtu alisema.

"Saa tano kwa miguu," Kiarie akajibu. Aliijua njia ile kwa hatua.

Walianza kuzunguka. Hawakufika mbali. Nilikuwa nimeshika kichwa cha Nasambu, na tulipokuwa bado tunauona mto nyuma yetu nilihisi uzito wake ukibadilika mikononi mwangu. Tuliwateremsha chini, yeye na mtoto ambaye hakutoka.

Wanyama alisimama akamtazama Kiarie.

"Si wewe uliandika tunafika?" alisema. Hakupaza sauti. "Bila shida, uliandika. Toa kalamu. Andika na hii."

Watu kama thelathini walikuwa pale. Kiarie alikuwa akitiririka maji, anatetemeka. Neno "tunafika" lilikuwa langu. Alilisikia likitoka kinywani mwangu na angeweza kulirudisha kwangu kwa kunyoosha kidole tu. Alivua kofia.

"Pole, ndugu yangu," alisema.

Nami nilikuwa nimepiga magoti hapo, mita moja kutoka kwao, na nikafunga kitambaa cha Nasambu vizuri kichwani, kama vile hiyo ndiyo kazi iliyokuwa imebaki.

Wiki ile ile niliandika. Kurasa nne, kwa mwandiko wa ubaoni. Nilieleza viti, vikombe, chupa, orodha ya nyumba saba na aliyeipanga. Nilieleza maana ya neno "karibu" na maana ya neno "tunafika". Nikaeleza kifo cha Nasambu na mtoto. Niliongeza, nikidhani namsaidia, kwamba karani aliyejaza fomu alijua tangu siku ile kwamba vitu vilikuwa vikizungushwa, na kwamba mara mbili alinisihi nisahihishe. Nilitaka waone uaminifu wake. Nikaweka sahihi: jina langu, mjane wa Gathogo.

Kiarie aliisoma mezani. Alipofika kwenye sehemu yake aliirudia.

"Hapa, Shemeji," alisema, "hapa ungeweza kuacha."

"Ndiyo ukweli."

"Ni ukweli." Aliikunja. "Basi ikae."

Aliipeleka mwenyewe kwa mkono wake. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hakuniambia niiandike upya. Nadhani alihofia nikichukua kalamu tena nisingeirudisha.

Jibu lilichukua miezi mitatu. Kiarie alikuja nalo siku ya kazi, nikajua mambo yameharibika. Barua ilikuwa na aya mbili. Ya kwanza ilisema takwimu za mafuriko ya 1981 zimekwisha kupokelewa na kuchapishwa, kwamba eneo letu limo miongoni mwa maeneo yaliyorejea vizuri zaidi, na kwamba matukio ya baadaye hayahusiani na zoezi lile. Ya pili ilisema kuwa, kwa ushahidi wa barua ya mwenye nyumba iliyoambatishwa, karani aliyejaza fomu akijua kwamba si za kweli ameachishwa kazi kuanzia tarehe ile.

Niliisoma mara tatu, nikitafuta kosa la lugha.

"Haiwezekani," nilisema. "Kama fomu si za kweli hata mtu anafutwa, zinakuwaje za kweli za kufunga faili?"

"Hizo ni ofisi mbili, Shemeji."

"Nitakwenda kwa Bwana Aloo."

"Bwana Aloo amepandishwa cheo. Yuko Nairobi." Alitazama nje, kuelekea mtoni. "Usiende. Ukienda watasema mwenyekiti alihusika, na mwenyekiti atasema wewe ulihusika. Wangari ameshaolewa?"

"Mwezi wa kumi na mbili."

"Basi acha aolewe." Kisha akauliza, kwa adabu, kama mpangaji, kama kuna kona ya shamba anayoweza kulima viazi.

Aliishi nasi miaka minne na nusu, katika chumba nilichomjengea mahali palipokuwa ghala. Alilima viazi, akapalilia mahindi yangu, na Jumapili alikaa kiti cha nyuma kanisani. Hakupima tena kitu. Nilimuuliza siku moja mvua imenyesha kiasi gani akasema, "Ya kutosha." Watu hawakuacha kumwita Themanini na Tatu, ila sasa walisema bila kicheko, na wakaongeza kwamba serikali yenyewe ilimfuta kwa wizi. Sikuwasahihisha. Kumsahihisha mtu mmoja kulimaanisha kueleza yote, na wakati huo nilikuwa nimepata wajukuu Nakuru. Nilimpikia vizuri na kumfulia. Mara kwa mara aliniona nikimtazama, akaondoka mezani mapema.

Kifua kilimshika mwezi wa saba mwaka wa 1988. Mto ulikuwa umejaa. Nilisema tuwaite wanaume wamzungushe kwa daraja la juu. Alikataa kwa kichwa. Alikufa siku ya tatu, saa nne asubuhi, maji bado hayajashuka.

Mchungaji hakuweza kuvuka, wala jamaa wa Kapsoya na wa mjini. Tulimzika sisi tuliokuwa upande wetu, watu kumi na tisa. Kwa kuwa nilikuwa na elimu zaidi, niliombwa niongoze ibada na nisome maisha yake. Nilisoma mahali alipozaliwa na shule aliyosoma. Nikasoma kwamba alitumikia serikali kwa bidii hadi alipostaafu.

"Hakustaafu, Mwalimu."

Alikuwa Wanyama. Alikuwa upande wa pili wa kaburi, koleo mkononi, kwa sababu ndiye aliyechimba.

"Alifutwa. Sote tunajua alifutwa. Miaka yote hii mimi nauliza huyu mtu alikula nini, maana sijamwona na shati mpya. Wewe umeishi naye. Tuambie alifutiwa nini, tumzike."

Hakuna aliyemnyamazisha. Waceke alikuwa karibu yangu. Aliinamisha kichwa, na najua alikuwa akiomba nisiseme, kwa kuwa jina lake lilikuwa la pili kwenye orodha ile. Wanyama alingoja. Aliniuliza bila hasira, kama mtu anayetaka tu kumaliza kazi.

Nilifungua Biblia nikasoma zaburi. Nilipomaliza, Wanyama alianza kurudisha udongo.

Kwa hivyo naandika sasa, mwaka wa 1990, kile nilichoulizwa. Kiarie hakula kitu. Alifutwa kwa barua yangu, baada ya kunificha mimi, na uongo uliomfanya aadhibiwe ulikuwa wangu, pamoja na viti na chai. Wanyama alihamia Kitale mwaka jana na sina anwani yake. Waceke ameniomba nisimwonyeshe mtu kurasa hizi wakati angali hai, nami nimemkubalia. Zitakaa pamoja na hati ya shamba. Daraja halijajengwa, na mwaka huu sijasikia mtu yeyote akilitaja.